Mfalme Demaratus na Unabii wa Kughushi



Ndugu wasomaji, wengi wetu tumewahi kusikia habari za Leonidas, mfalme wa Sparta, aliyekufa mwaka 480 K.K. katika njia nyembamba ya Thermopylae pamoja na askari wake 300, akilizuia jeshi kubwa la Waajemi lisiingie Ugiriki. Lakini ni wachache wanaojua kwamba siku zilezile, ndani ya kambi ya Waajemi, alikuwepo mtu mwingine aliyewahi kuwa mfalme wa Sparta. Hakuwa mateka. Alikuwa mgeni wa heshima na mshauri wa mfalme Xerxes, yaani adui mkuu wa Wagiriki wote. Jina lake ni Demaratus.

Sisi tunaosoma falsafa seminarini tunakutana na Wagiriki kila siku, lakini mara nyingi tunakutana na mawazo yao tu, si maisha yao. Tumeona vema safari hii tusimulie maisha ya mtu mmoja. Habari zake nyingi tunazipata kwa Herodotus, mwanahistoria aliyeandika miongo kadhaa baada ya mambo hayo. Demaratus hakuwa mtakatifu, wala hatumleti hapa kama mfano wa kuigwa katika kila jambo. Tunamleta kwa sababu alipatwa na jambo ambalo lingeweza kumpata yeyote kati yetu: alivuliwa cheo chake kwa uongo, na uongo huo ulitamkwa kwa jina la mungu.

Mtoto aliyeombewa

Sparta ilikuwa na utaratibu wa pekee. Haikuwa na mfalme mmoja bali wawili kwa wakati mmoja, kila mmoja kutoka ukoo wake: ukoo wa Agiadi na ukoo wa Euripontidi. Wafalme hao waliongoza vita, walitoa sadaka kwa ajili ya taifa, na waliketi katika baraza pamoja na wazee 28. Kando yao walikuwepo maefori, wasimamizi watano waliochaguliwa kila mwaka, ambao waliwachunga hata wafalme wenyewe.

Baba yake Demaratus, mfalme Ariston wa ukoo wa Euripontidi, alioa mara mbili bila kupata mtoto. Akaanza kumtamani mke wa rafiki yake Agetus, mwanamke aliyesifiwa kuwa mzuri kuliko wote Sparta. Kumnyang'anya rafiki mkewe waziwazi kulikuwa aibu, kwa hiyo mfalme alitumia hila. Alimwahidi Agetus kumpa chochote atakachochagua katika mali yake, kwa sharti kwamba Agetus naye afanye vivyo hivyo. Wakaapa wote wawili. Agetus akachukua alichokipenda. Zamu ya Ariston ilipofika, akamtaka mke. Agetus alilalamika kwamba alikuwa tayari kutoa chochote isipokuwa huyo, lakini kiapo kilikuwa kimemfunga. Ariston akamwacha mke wake wa pili na kumchukua yule.

Mwanamke huyo alijifungua mtoto wa kiume kabla miezi ya kawaida haijatimia. Ariston alikuwa ameketi barazani pamoja na maefori mtumishi alipomletea habari. Alihesabu miezi kwa vidole vyake mbele ya wote, kisha akaapa kwamba mtoto hawezi kuwa wake. Maefori walisikia, ila kwa wakati ule hawakulitilia maanani. Mtoto alipokua, Ariston alimpenda, akaamini kwamba ni mwanawe wa damu, na akajuta sana kwa maneno yale. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Mtoto aliitwa Demaratus, maana yake aliyeombewa na watu, kwa sababu Wasparta wote walikuwa wamesali ili mfalme wao apate mrithi. Ni kama sisi tunavyompa mtoto jina la Maombi. Hivyo maisha yake yalianza na mambo mawili yasiyopatana: sala za taifa zima zilizomwita duniani, na neno moja la baba lililomkana.

Wafalme wawili wasioelewana

Ariston alipofariki, Demaratus alirithi ufalme. Ilikuwa yapata mwaka 515 K.K. Kwa wasomaji wa Biblia, hicho ndicho kipindi ambacho Wayahudi waliorudi kutoka Babeli walimaliza kulijenga upya Hekalu la Yerusalemu chini ya mfalme Dario, kama kitabu cha Ezra kinavyoeleza. Tutakutana na Dario huyohuyo, yaani Darius, mbele kidogo.

Demaratus alipata sifa nyingi kwa matendo na kwa mashauri yake. Aliwapatia Wasparta ushindi wa Olimpiki katika mashindano ya magari ya farasi wanne, na Herodotus anasema kwamba hakuna mfalme mwingine wa Sparta aliyewahi kupata ushindi huo. Lakini mfalme mwenzake, Cleomenes wa ukoo wa Agiadi, alikuwa mtu mwenye nguvu, mwepesi wa kuchukua hatua, na asiyependa kuulizwa maswali.

Mwaka 506 K.K. hivi, Cleomenes alikusanya jeshi kutoka sehemu zote za Peloponnesos bila kueleza sababu. Nia yake ilikuwa kuwaadhibu Waathene na kumweka rafiki yake Isagoras awe mtawala wao wa mabavu. Walipofika Eleusis, karibu na Athene, Wakorintho walijadiliana wakaona kwamba jambo wanaloendea si la haki. Wakageuka na kurudi kwao. Demaratus naye, aliyekuwa ameongoza jeshi pamoja na Cleomenes, akaondoka. Majeshi mengine yalipoona kwamba wafalme wa Sparta hawapatani, nayo yakatawanyika. Baada ya hapo Wasparta walitunga sheria kwamba wafalme wote wawili wasitoke tena pamoja vitani.

Tungependa kusema kwamba Demaratus aliondoka kwa ajili ya haki. Huenda ilikuwa hivyo. Lakini jambo lililofuata linatufanya tuwe waangalifu. Mwaka 491 K.K. mfalme Darius wa Uajemi alituma wajumbe kuidai miji ya Wagiriki udongo na maji, ishara ya kujisalimisha. Kisiwa cha Aegina kilikubali. Waathene wakashtaki Sparta, na Cleomenes akaenda kuwakamata viongozi wa kisiwa hicho. Huko alipingwa na mtu aliyeitwa Krios, aliyedai kwamba Cleomenes hana idhini ya Wasparta, kwani kama angekuwa nayo angekuja pamoja na mfalme mwenzake. Maneno hayo alikuwa amefundishwa na Demaratus kwa barua. Na wakati Cleomenes yuko mbali, Demaratus alibaki nyumbani akimsema vibaya. Herodotus hamfichi: anasema alifanya hivyo kwa wivu, si kwa kuwajali watu wa Aegina. Kwa kweli, safari hii Cleomenes alikuwa akifanya kazi kwa faida ya Ugiriki nzima.

Kulikuwa na kisa kingine tena. Leotychidas, ndugu wa ukoo mmoja na Demaratus, alikuwa amechumbia binti aliyeitwa Percalus. Demaratus alimtangulia, akamteka binti huyo na kumfanya mke wake. Kama baba yake alivyochukua mke wa rafiki, mwana naye alichukua mchumba wa ndugu. Tunapomhurumia Demaratus kwa yaliyompata, tusisahau kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameotesha chuki ambayo baadaye ilimzalia matunda.

Unabii wa kughushi

Cleomenes aliporudi kutoka Aegina alikuwa ameamua kumng'oa mwenzake. Alipatana na Leotychidas: yeye atafanywa mfalme badala ya Demaratus, naye atamfuata Cleomenes kwenda Aegina. Leotychidas akasimama na kuapa kwamba Demaratus si mwana wa Ariston. Akayafufua yale maneno ya siku ya kuzaliwa, ya mfalme aliyehesabu miezi kwa vidole, na akawaita mashahidi maefori waliokuwa barazani siku ile.

Wasparta hawakuweza kukubaliana. Basi wakaamua kumwuliza mungu wao Apollo huko Delphi. Katika Ugiriki yote hapakuwa na mahali palipoheshimiwa kuliko Delphi. Huko kuhani mwanamke aliyeitwa Pythia aliketi na kutoa majibu yaliyoaminiwa kuwa ya mungu mwenyewe. Miji ilianza vita au kuacha vita, ilijenga makoloni au kubadili sheria, kwa kusikiliza neno la Delphi.

Lakini kuuliza Delphi lilikuwa wazo la Cleomenes, naye alikuwa amekwisha kutayarisha jibu. Alimpata Cobon, mtu mwenye uwezo mkubwa pale Delphi, na Cobon akamshawishi Perialla, aliyekuwa Pythia wakati huo, aseme kile Cleomenes alichotaka. Wajumbe wa Sparta walipouliza, Perialla alijibu kwamba Demaratus si mwana wa Ariston. Hivyo ndivyo alivyovuliwa ufalme.

Ndugu wasomaji, sisi hatumwabudu Apollo. Tunajua kwamba Mungu wa kweli hakukaa Delphi. Hata hivyo jambo hili linatugusa. Wasparta walikwenda pale kwa moyo mnyofu wakitafuta ukweli ambao wao wenyewe hawakuweza kuupata. Walipewa nia ya Cleomenes, ikiwa imevikwa mavazi ya kikuhani. Tunaposikia habari za Simoni Mchawi katika Matendo ya Mitume, tunafikiri juu ya fedha. Lakini si lazima fedha ipite mkononi. Inatosha mtu mkubwa kunong'ona, na mtu mwenye sauti takatifu kuogopa au kupenda kupendwa. Mhudumu wa neno anapokubali hata mara moja kusema kinachotakiwa na mwenye nguvu, waumini hawana njia ya kujua lini anasema kwa jina la Mungu na lini anasema kwa jina la rafiki yake.

Mama na mwana

Baada ya kuvuliwa ufalme, Demaratus hakuondoka mara moja. Aliendelea kuishi Sparta na hata alichaguliwa kushika uongozi wa ngazi ya chini. Huenda angezeeka hivyo, akiwa raia wa kawaida. Kilichomwondoa ni dharau.

Ilikuwa sikukuu ya Gymnopaidiai, ambapo vijana walicheza na kuimba mbele ya watu wote. Demaratus alikuwa amekaa akitazama. Leotychidas, sasa mfalme, akamtuma mtumishi kumwuliza kwa kejeli anajisikiaje kuwa kiongozi mdogo baada ya kuwa mfalme. Demaratus aliumia. Akajibu kwamba yeye amevionja vyote viwili na Leotychidas bado, na kwamba swali hilo litakuwa kwa Wasparta mwanzo wa mabaya mengi au mema mengi. Akajifunika kichwa, akatoka, akaenda nyumbani kwake.

Huko alimchinjia Zeus ng'ombe dume, akamwita mama yake, akamwekea mikononi sehemu ya matumbo ya sadaka, na akamsihi kwa miungu yote amwambie ukweli: baba yangu ni nani? Alimweleza yote yaliyosemwa mjini, kwamba alikuja kwa Ariston akiwa tayari na mimba ya mume wa kwanza, au kwamba alikuwa amelala na mchunga punda wa nyumbani.

Mama hakukasirika. Alimsimulia kwamba usiku wa tatu baada ya kuletwa kwa Ariston, alijiwa na mtu mwenye sura ya Ariston, akamvika mashada ya maua. Kisha Ariston mwenyewe akaja, akauliza mashada yametoka wapi. Iligundulika kwamba yalitoka katika kaburi takatifu la shujaa Astrabacus, lililokuwa karibu na mlango wa nyumba. Kwa hiyo, alisema, baba yako ni Ariston au ni shujaa yule. Kuhusu miezi, alimweleza mwanawe jambo ambalo mwanamke yeyote angemweleza: watoto wengine huzaliwa kwa miezi tisa, wengine kwa saba, na Ariston alitamka maneno yale kwa kutojua.

Hadithi ya shujaa mfu hatulazimiki kuiamini. Lakini tuone kwamba katika mambo yote yaliyosemwa juu ya kuzaliwa kwa Demaratus, barazani kwa maefori, mbele ya mahakama na kule Delphi, hakuna aliyemwuliza mama. Wanaume walihesabu vidole, wakaapa, wakasafiri hadi hekaluni, na shahidi aliyejua zaidi ya wote alikuwa nyumbani. Hata leo, mtaani na parokiani, mtoto anaweza kuitwa mtoto wa fulani kwa maneno ya watu yasiyo na shahidi, na jeraha hilo akalibeba mpaka uzeeni.

Demaratus alichukua chakula cha safari, akaaga kwamba anakwenda Delphi. Akaelekea Elis badala yake. Wasparta wakashuku, wakamfuatia. Alivuka hadi kisiwa cha Zakynthos, na huko wakamfikia na kuwakamata watumishi wake, lakini wenyeji walikataa kumtoa. Kutoka hapo akavuka kwenda Asia, kwa mfalme Darius.

Mgiriki mezani kwa Mwajemi

Darius alimpokea kwa ukarimu mkubwa, akampa ardhi na miji. Alipofika Susa, mji ambao Biblia yetu huuita Shushani, wana wa Darius walikuwa wakigombea urithi. Artobazanes alidai kwa kuwa ndiye mkubwa. Xerxes alidai kwa kuwa mama yake alikuwa binti wa Cyrus, mwasisi wa dola. Demaratus akamshauri Xerxes aongeze hoja nyingine: yeye alizaliwa baba akiwa tayari mfalme, na hata Sparta mrithi ni mwana aliyezaliwa katika ufalme. Darius akamchagua Xerxes, ingawa Herodotus anaona kwamba angemchagua hata bila shauri hilo. Darius alifariki mwaka 486 K.K., na Xerxes, ambaye wengi humtambua kuwa ndiye Ahasuero wa kitabu cha Esta, akatawala.

Xerxes alipoamua kuishambulia Ugiriki, Demaratus alijua mapema. Alichukua kibao cha kuandikia chenye kurasa mbili, akakwangua nta yote, akaandika nia ya mfalme juu ya mbao tupu, kisha akamimina nta juu yake tena, ili walinzi wa barabara wasione kitu. Kibao kilipofika Sparta, hakuna aliyeelewa kwa nini wametumiwa kibao kitupu. Aliyeng'amua ni Gorgo, mke wa Leonidas, akawaambia waikwangue nta. Gorgo huyo alikuwa binti wa Cleomenes. Hivyo onyo la mtu aliyefukuzwa lilisomwa kwa akili ya binti wa aliyemfukuza.

Je, alituma onyo kwa upendo? Herodotus ana mashaka. Anasema huenda ilikuwa kwa wema, au huenda ilikuwa kwa kuwafurahia Wasparta katika hatari yao, na anamwachia msomaji aamue. Sisi tunaona kwamba moyo wa mtu aliyetupwa na watu wake unaweza kubeba yote mawili kwa pamoja.

Mwaka 480 K.K. jeshi la Xerxes lilihesabiwa huko Doriscus, Thrace. Mfalme, akifurahia wingi wa watu wake, alimwita Demaratus akamwuliza kama Wagiriki watathubutu kupigana. Demaratus aliuliza kwanza kama mfalme anataka ukweli au maneno matamu. Aliporuhusiwa, alisema kwamba umaskini ni ndugu wa Ugiriki tangu zamani, lakini ushujaa wameupata kwa hekima na kwa sheria kali. Wasparta, alisema, hawatakubali kamwe utumwa, nao watapigana hata wakiwa elfu moja tu. Xerxes alicheka. Angewezaje mtu huru, asiyechapwa viboko na bwana, kusimama mbele ya wengi namna hiyo? Demaratus akamjibu kwamba Wasparta ni watu huru, lakini si huru katika kila kitu, kwa maana wana bwana, nayo ni sheria. Wanaiogopa sheria kuliko watu wa Xerxes wanavyomwogopa Xerxes. Na akamkumbusha mfalme kwamba hasemi hivyo kwa kuwapenda, kwani wao ndio waliomnyang'anya heshima yake na kumwacha bila mji.

Huko Thermopylae mpelelezi wa Xerxes alirudi na habari kwamba Wasparta wanafanya mazoezi na kuchana nywele. Mfalme aliona ni kichekesho. Demaratus alimweleza kwamba ndivyo wanavyofanya wanapokuwa tayari kufa. Mfalme hakuamini, akasubiri siku nne wakimbie. Hawakukimbia.

Hapa ndipo tunapopaswa kusema pia neno gumu. Baada ya Thermopylae Xerxes alimwuliza namna ya kuwashinda Wasparta kwa urahisi, naye alimpa shauri zuri kabisa: apeleke meli 300 kukalia kisiwa cha Kythera, jirani na Sparta, ili Wasparta wabaki kulinda nyumba zao na Wagiriki wengine waachwe bila wao. Achaemenes, ndugu wa mfalme, alipinga akimshuku Demaratus kwa hila. Xerxes alimfuata ndugu yake, ingawa alikataza mtu yeyote kumsema vibaya Demaratus. Kama shauri hilo lingefuatwa, pengine tusingesoma leo Plato wala Aristotle. Mtu aliyeisifu sheria ya kwao alikuwa pia tayari kuonyesha njia ya kuivunja.

Siku chache kabla ya vita vya Salamis, Demaratus alikuwa katika uwanda karibu na Eleusis pamoja na Dicaeus, Mwathene aliyekuwa naye uhamishoni. Nchi ilikuwa tupu, watu wote wamekimbia. Waliona wingu la vumbi likipanda kutoka Eleusis, kana kwamba limetimuliwa na watu 30,000, na wakasikia wimbo wa ibada za mahali pale. Dicaeus alisema hiyo ni ishara ya maangamizi ya jeshi la mfalme. Demaratus alimsihi anyamaze, maana habari hiyo ikimfikia Xerxes kichwa chake hakitabaki shingoni. Ni Eleusis ileile ambako zamani, akiwa mfalme, alimwacha Cleomenes na kurudi nyumbani. Mtu aliyemwambia Xerxes ukweli usoni kule Doriscus, hapa alichagua kunyamaza.

Mwisho wa kila mmoja

Njama ya Delphi ilifichuka. Cobon alikimbia mji, na Perialla akavuliwa cheo chake. Cleomenes alikimbia Sparta kwa hofu, kisha akarudishwa, lakini akapatwa na wazimu. Alikuwa akimpiga usoni kwa fimbo kila Msparta aliyekutana naye, mpaka ndugu zake wakamfunga kwenye mkatale. Huko alimtisha mlinzi wake, aliyekuwa mtumwa, akapata kisu, akajikatakata mwili kuanzia miguuni hadi tumboni, akafa. Wagiriki wengi waliona hiyo ni adhabu ya kumpotosha Pythia. Leotychidas, baada ya kuongoza vema vita vya Mycale mwaka 479 K.K., alipelekwa kuwapiga Wathesalia, akapokea hongo, na akakutwa kambini ameikalia glavu iliyojaa fedha. Nyumba yake ilibomolewa, naye akafia uhamishoni Tegea.

Demaratus alibaki Asia. Plutarch anasimulia kwamba mfalme wa Uajemi alipomruhusu kuomba zawadi yoyote, aliomba apite mjini Sardis akiwa amevaa kofia iliyosimama wima kama wafalme wa Uajemi. Binamu wa mfalme aliigusa kofia hiyo na kumdhihaki kwamba haina ubongo wa kufunika. Mfalme alikasirika sana, na aliyemwombea msamaha Demaratus ni Themistocles, Mwathene aliyewashinda Waajemi kule Salamis, ambaye kwa wakati huo naye alikuwa amefukuzwa kwao na kukimbilia hukohuko. Tunasikitika tunaposoma habari hii. Mtu mzima aliyewahi kuwa mfalme wa kweli anaomba kuvaa kofia ya mfalme wa kigeni kwa siku moja.

Wazao wake walirithi miji aliyopewa: Teuthrania, Halisarna na Pergamo. Karibu na mwaka 399 K.K. wawili kati yao, Eurysthenes na Procles, walijiunga na jeshi la Sparta lililofika Asia kupigana na Waajemi. Hivyo, baada ya miaka 90 hivi, damu ya Demaratus ilisimama tena upande wa Sparta. Na Pergamo ni mji uleule ambao Kanisa lake limeandikiwa barua katika kitabu cha Ufunuo.

Tunajifunza nini

Mwaka huohuo wa 399 K.K., huko Athene, Socrates alihukumiwa kifo kwa dhuluma. Rafiki zake walitayarisha njia ya kumtorosha, naye akakataa, kwa sababu aliona kwamba kudhulumiwa na watu si ruhusa ya kuidhulumu sheria. Tukiwaweka wawili hawa pamoja tunaona tofauti. Demaratus aliijua sheria, aliieleza vizuri kuliko Mgiriki yeyote wa siku zake, tena mbele ya mfalme aliyecheka. Lakini alipoonewa hakuweza kuiishi. Kujua jambo na kulisema vizuri si sawa na kulibeba. Kwetu tunaofanya mitihani ya falsafa, hilo ni onyo la wazi.

Kuna jambo la pili, na tunalisema kwa unyenyekevu. Nyumbani kwetu watu hutuita Frateri. Wazazi wanafurahi, jumuiya ndogondogo zinachangia karo, watoto wanatupokea mabegi. Na kila mwaka wapo wenzetu wanaoambiwa warudi nyumbani, wengine kwa sababu za haki, na huenda siku moja mmoja wetu akaambiwa hivyo kwa maneno ya uongo. Siku hiyo tutajua tulikuwa tunapenda nini: huduma au jina. Ukivuliwa jina na ukabaki bado Mkristo, bado mkweli, bado mwenye kuwaombea waliokuondoa, hukupoteza kitu ambacho Mungu alikupa. Ukibaki unatafuta kofia nyingine ya kuvaa barabarani, basi umebaki umefungwa na kile kile ulichonyang'anywa.

Na kwa ndugu zetu wa parokiani: mwenzetu akirudi nyumbani kutoka seminarini, au mtu akiondolewa katika uongozi wa kwaya, wa kigango au wa chama cha kitume, tusimtumie mtumishi kumwuliza anajisikiaje. Sparta ilimpoteza Demaratus mara mbili. Mara ya kwanza kwa unabii wa uongo, na hapo bado alibaki mjini akiitumikia nchi yake. Mara ya pili kwa kejeli ya siku moja, na hapo ndipo alipokwenda kwa adui.

Mtakatifu Yosefu, aliyejua kumlea mtoto katikati ya maneno ya watu, atuombee.